Feni ni ileile, kona ndiyo haipati hewa

Nikiletewa ramani ya chumba ili niige kwa kompyuta jinsi hewa inavyozunguka ndani yake, swali la kwanza huwa lilelile: hewa inabadilishwa mara ngapi kwa saa? Hesabu yake ni nyepesi. Hewa safi ikiingia hujichanganya na chafu, kwa hiyo sehemu ya inayotoka nje ni ile safi iliyoingia punde. Ndiyo maana baada ya kuingiza hewa yenye ujazo sawa na wa chumba kizima, asilimia 37 hivi ya uchafu bado imo. Kwa mara 6 kwa saa, kuondoa asilimia 99 ya kinachoelea huchukua dakika 46. Kwa mara 12, dakika 23. Hapo tunachukulia kwamba chanzo cha uchafu kimekwisha kuzimwa, na kwamba hewa ya chumba chote imechanganyika sawasawa.

Hilo la pili halitokei karibu popote.

Kwa hiyo nakigawa chumba katika visehemu vidogo, mara nyingi mamilioni, na kompyuta inatafuta suluhisho la milinganyo ya Navier na Stokes, ile inayoeleza mwendo wa hewa na vimiminika, katika kila kimoja: kasi ya hewa, mgandamizo, joto, kiasi cha uchafu. Mara nyingi naona hewa safi ikiambaa darini kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea, bila kuwashukia waliokaa chini. Kwenye karatasi chumba kinapata mara 6 zake, huku kona iliyo nyuma ya kabati ikizungusha hewa yake yenyewe.

Watu nao wamo kwenye hesabu. Mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, na joto hilo hupandisha hewa kutoka miguuni hadi juu ya kichwa, ikibeba pumzi yake. Ukiwasahau, umeiga chumba kitupu. Chembechembe zenyewe hazina haraka: yenye kipenyo cha mikromita 5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hushuka chini ya milimita moja kwa sekunde, na ya mikromita 1 inaweza kumaliza nusu siku kabla ya kugusa sakafu, hata hewa ikiwa imetulia kabisa. Hizo ndogo naziiga kama gesi. Matone makubwa nayafuatilia moja moja.

Mfano ninaoupenda ni wa mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, ambako watu 10 wa familia tatu waliokaa meza jirani mnamo Januari 2020 walipatikana baadaye na UVIKO-19. Yuguo Li na wenzake waliiga mtiririko wa hewa kwa kompyuta, kisha wakaachilia gesi ya majaribio mgahawani humo na kuipima. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ileile juu ya meza hizo, na hewa ya nje iliyoingia ilikuwa kama lita 0.9 tu kwa sekunde kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani baadaye lilipendekeza lita 10.

Kilichonivutia ni kile kipimo cha gesi. Picha za kompyuta za rangi nyekundu na buluu hupendeza hata zikiwa za uongo, na wateja huzipenda mno. Mimi huuliza kwanza tundu la kuingizia hewa limechorwaje: lenye mapezi yaliyoinama hurusha hewa tofauti kabisa na shimo tupu la ukubwa uleule. Kisha napunguza ukubwa wa visehemu na kupiga hesabu upya. Jibu likibadilika, lile la mwanzo halikuwa jibu. Mlango unaofunguliwa na mtu anayepita huhitaji hesabu inayofuata wakati hatua kwa hatua, na hiyo inaweza kuishughulisha kompyuta kwa siku kadhaa.

Mara nyingi dawa si feni kubwa zaidi. Tundu la kutolea hewa likisogezwa karibu na chanzo cha uchafu, kona hupata nafuu kwa feni ileile. Ila kabla ukuta haujatobolewa narudia hesabu mlango ukiwa wazi, halafu kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kwa sababu mkondo mzuri wa hewa unaweza kugeuka katika hali zote mbili.