Ethiopia si nchi ya jangwa

Tangu picha za njaa ya 1984 zizunguke dunia, wengi hudhani Ethiopia ni mchanga na ukame mtupu. Inasikitisha, maana dhana hiyo huwafanya wafanyabiashara wetu wa Afrika Mashariki wampuuze jirani mwenye watu zaidi ya milioni 100.

Jangwa lipo, hasa Danakil, bonde lililo zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Lakini Waethiopia wengi huishi nyanda za juu. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300, na usiku wake unahitaji sweta. Mvua ya nyanda hizo huujaza mto Abbay, yaani Naili ya Buluu, unaoendesha bwawa kubwa la umeme lililozinduliwa Septemba 2025. Kahawa ya arabika nayo asili yake ni misitu ya kusini magharibi. Hata njaa ile ilizikumba zaidi Wollo na Tigray, maeneo ya milima na wakulima, ambako vita viliuzidisha ukame.

Ugumu wa kuwekeza uko kwingine. Nchi haina pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, hivyo mizigo mingi hupitia Djibouti. Fedha za kigeni zilikuwa adimu kwa miaka mingi. Julai 2024 serikali ikaliachia soko lipange thamani ya birr, sarafu ya nchi hiyo, nayo ikaporomoka. Safaricom ya Kenya, iliyoanza huduma huko 2022, iliumizwa na anguko hilo katika hesabu zake.