Smokie Pasua ni Nini?

Simama jioni kwenye steji yoyote ya matatu katikati ya Nairobi, Odeon au Railways, usikilize watu wanavyoagiza. Ni nadra umsikie mtu akisema "nipe smokie". Utasikia "nipasulie mbili", "mimi nipasulie moja, weka pilipili kwa mbali". Muuzaji naye, kabla hujafungua mdomo, kisu kiko mkononi: "Nikupasulie, bosi?"

Smokie yenyewe ni soseji nyembamba yenye wekundu wa kahawia, ngumu kidogo kuliko soseji ya kawaida, iliyofukizwa moshi na kuivishwa kiwandani. Wengi wetu tuliijua kupitia Farmer's Choice, ingawa siku hizi kampuni zinazoitengeneza ni kadhaa. Kuna ya ng'ombe, ya nguruwe na ya kuku, ndiyo maana Muislamu huuliza kwanza ni ya nyama gani kabla ya kuagiza, na muuzaji anayejiheshimu humjibu moja kwa moja, au hata humwonyesha pakiti. Kwa kuwa imeshaiva, kazi ya muuzaji si kuipika. Anaipasha tu hadi ngozi ianze kung'aa. Hili ndilo lililoiwezesha biashara hii kuingia mtaani: kijana hahitaji jiko kubwa wala ujuzi wa nyama mbichi. Anahitaji toroli, makaa au gesi, kisu kikali, na pahali pa baridi pa kuweka mzigo wake usiku.

Kupasua ni kuikata kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha, bila kuitenganisha. Hapo ndipo neno linapopata uzito wake. Kiswahili sanifu kingetaka tuseme "smokie iliyopasuliwa", lakini lugha ya jikoni na barabarani ina njia yake ya mkato: nomino, halafu shina la kitenzi likiwa tupu. Hivyo ndivyo tulivyopata nyama choma, na hivyo ndivyo tulivyopata mayai pasua, yai la kuchemsha linalokatwa katikati na kujazwa kachumbari ileile kutoka toroli lileile. Si kosa la sarufi. Ni namna ya kuita chakula kwa kazi iliyofanywa juu yake.

Na kazi hiyo ni ya kutazamwa kwa karibu. Muuzaji mzuri huidaka smokie kwa uma au kwa koleo, huilaza kwenye kibao, na kisu hupita mara moja. Kikizama mno, inagawanyika vipande viwili na kachumbari haina pa kukaa. Kikiwa juu juu, haifunguki. Kipimo ni kuacha ngozi ya chini nzima ili ifunguke kama kitabu. Wapo wanaoirudisha kwenye kikaangio ikiwa imefunuka, upande wa ndani ukitazama chini, sekunde chache tu, hadi nyama ya ndani ishike rangi. Mimi huwatafuta hao. Smokie iliyorudishwa motoni ina harufu ambayo ile ya kupasuliwa na kukabidhiwa papo hapo haina.

Kisha huja kachumbari, na hapa ndipo toroli moja hutofautiana na jingine. Smokie imetoka kiwandani. Ya huyu na ya yule ni sawa. Kachumbari imekatwa na huyu mtu mwenyewe, leo asubuhi au mchana, kwa mkono wake. Nyanya, kitunguu, dania, pilipili, chumvi, wengine hukamulia ndimu. Neno na chakula vyote vilivuka Bahari ya Hindi. Wahindi wana kachumbar yao, na Pwani ya Uswahilini kachumbari ilikuwa imeshakaa kando ya pilau na mishkaki muda mrefu kabla toroli la kwanza la smokie halijasukumwa Nairobi. Kwenye pilau huwekwa pembeni, ya kusafishia mdomo. Kwenye smokie pasua huingia ndani kabisa, na baridi yake ndiyo inayokutana na moto wa nyama.

Ukitaka kumjua muuzaji anayejali, angalia maji. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na kitunguu, kwa hiyo kachumbari iliyotiwa chumvi mapema huogelea kufikia saa kumi na mbili jioni. Anayejua hutia chumvi kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja, au huikamua kwa kijiko ukingoni mwa bakuli kabla ya kujaza. Asiyejua anakupa karatasi iliyolowa ambayo itapasukia mkononi mwako kabla hujafika kwenye matatu. Karatasi yenyewe ina umuhimu wake zaidi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017.

Bei za sokoni pia huonekana ndani ya mpasuo ule. Sehemu kubwa ya vitunguu vinavyoliwa Nairobi hutoka Tanzania, na vitunguu vilipopanda bei mwishoni mwa 2023, tuliokula barabarani tuliona kabla ya kusoma popote: kijiko kilipungua, na kwa baadhi ya matoroli kabichi iliyokatwa nyembamba ikaanza kuingia. Kabichi si haramu. Lakini ikizidi nusu, nadhani ni haki kusema hiyo ni saladi nyingine.

Baada ya kachumbari kuna chupa mbili, tomato sosi na sosi ya pilipili, na mteja anaamua. "Pilipili kwa mbali" ni agizo ambalo mgeni wa mji hulisikia na kushangaa: umbali gani? Maana yake ni harufu na mwasho mdogo tu, ncha ya kijiko. Muuzaji aliyekuzoea haulizi tena. Anajua mbali yako ni wapi.

Watu wa Chicago, Marekani, wangeuelewa mjadala huu vizuri. Huko soseji ya vibanda vingi hutoka kampuni moja, Vienna Beef, ambayo ilianza mwaka 1893, na kinachoifanya iwe ya Chicago ni kinachowekwa juu: haradali, kitunguu, achari ya kijani iliyosagwa, vipande vya nyanya, tango la siki, pilipili ndogo na chumvi ya seleri, ndani ya mkate wenye mbegu za mpopi. Tomato sosi kwao ni mwiko. Kwetu haina mwiko; chupa inasimama wazi na hakuna anayekutazama vibaya. Mkate nao haupo. Smokie pasua huliwa bila kitu cha kuibeba isipokuwa karatasi, na ndiyo sababu mpasuo lazima uwe sahihi, kwa maana soseji yenyewe ndiyo mkate.

Ukiiweka ndani ya chapati, jina linabadilika: smocha, yaani smokie na chapati zimeshikana hadi kwenye neno. Hapo umetoka kwenye kitafunwa ukaingia kwenye mlo. Chapati, ambayo katika nyumba nyingi za Kenya ilikuwa chakula cha Krismasi na cha wageni, sasa inakunjwa na kufungwa kwa karatasi nje ya mageti ya vyuo, maeneo ya Juja na Kahawa, na mwanafunzi anashinda nayo hadi usiku. Smokie moja ya kupasuliwa ilikuwa shilingi 25 kwa miaka mingi. Siku hizi nyingi ni kati ya 30 na 40. Smocha ni zaidi, kulingana na chapati.

Usiichanganye na mutura, ambayo ni utumbo uliojazwa nyama na damu na kuchomwa juu ya makaa, wala na soseji ya chipsi, ambayo hukaangwa nzima na kulala kando ya viazi. Hizo zina heshima zake na wapishi wake.

Muuzaji wa smokie anatakiwa awe na cheti cha afya na kibali cha kaunti, na askari wa kanjo, yaani wa kaunti, wakipita, toroli bila kibali linaondoka haraka kuliko lilivyofika. Ninayenunua kwake husimama karibu na steji yetu kuanzia saa kumi na moja. Jioni moja nilimkuta anazima jiko, na kwenye sinia smokie zilikuwa bado kama kumi, zinang'aa. Nikamwomba moja. Akainua bakuli la kachumbari kunionyesha: tone la maji na jani moja la dania. "Nimeshamaliza," akasema, akaanza kukunja mwavuli.