Ua la pangoni, na kwa nini pointi ya GPS peke yake haitoshi

Kila mwaka kuanzia Machi nakuwa kwenye makorongo ya kusini mashariki mwa Utah, Marekani, natafuta ua moja dogo la zambarau mpauko, Primula specuicola, hilo jina la pili maana yake mkaaji wa pangoni na kweli ndo lilivyo. Pale kote ni jangwa, mawe mekundu na mchanga, ila maji ya mvua na theluji yanazama ndani ya jiwe la mchanga la Navajo, yanashuka polepole mpaka yanakutana na tabaka la Kayenta lisilopitisha maji, hapo yanakosa pa kwenda yanatokea ubavuni mwa genge, tone tone, na kwenye huo unyevu maua yananing'inia, bustani ya ukutani. Ukigeuza jani, chini jeupe kama limepakwa sembe. Miaka yote hii bado nikiliona nasimama.

Sasa watu wanadhani kurekodi ua lilipo ni kubonyeza simu, basi. Korongoni haiko hivo. GPS inataka kuona setilaiti kadhaa, wewe uko chini ya genge unaona kipande tu cha mbingu, afu mawimbi yanadunda ukutani kabla ya kukufikia, simu inahesabu njia ndefu kuliko ilivyo inakuweka ng'ambo ya korongo. Na hata ikipatia, ukuta umesimama wima, kwa hiyo mche ulio usawa wa uso wako na ulio mita 15 juu yake koodineti zao ni zilezile!

Mimi natoka mpaka mbingu inapofunguka, nasubiri namba ya usahihi itulie, nachukua pointi hapo, kisha kwa dira na futikamba naandika bustani iko uelekeo gani, umbali gani. Na maneno jamani, andikeni maneno: genge linatazama wapi, maji yanatokea kimo gani, miche mingapi ina maua na mingapi haina. Picha ya ukuta mzima, sio ya ua tu. Na ule udongo mweusi wenye vinundu njiani usiukanyage, uko hai, umeshikwa na viumbe vidogo vidogo, pita juu ya mwamba.

Kilichoniumiza zaidi ni datamu, yaani ule msingi ambao koodineti zote zinapimiwa. Ramani za zamani za Marekani zilichorwa kwa datamu ya NAD27, simu inatumia nyingine, WGS84, namba zilezile kule Utah zinaangukia sehemu mbili zinazoweza kuachana hadi kama mita 200. Mwaka wangu wa pili nilipewa fomu yenye koodineti za maua ila haijaandikwa datamu, nikazunguka siku nzima korongo ambalo silo, nikaandika "hayapo". Kumbe yapo, korongo la pembeni. Hiyo "hayapo" ya uongo ni mbaya kuliko ukurasa mtupu, manake anayekuja ataamini yamekufa. Nilirudi kuifuta.

Wataalamu wa mimea Elzada Clover na Lois Jotter walishuka mto Colorado kwa mashua mwaka 1938 wakikusanya mimea, wakapita korongo la Glen Canyon. Mwaka 1963 bwawa la hapo likafungwa, maji yakapanda yakawa Ziwa Powell, bustani nyingi za ukutani zikazama. Sasa ziwa hilo limepungua sana, kuta zinatokea tena, na tukitaka kujua kama kitu kimeota palepale kilipokuwa, tunategemea yale maneno ambayo mtu alisimama kwenye mashua akayaandika.