Bastola Ndogo Haitaki Ala Ndogo

Mteja aliingia karakanani kwangu ameshika kiuno kama mtu aliyeshinda shambani akipalilia. Alikuwa na cheti chake cha silaha, bastola ndogo aina ya Glock 43 aliyoinunua mwaka uliopita, na ala, yaani mfuko wa kuibebea kiunoni, ya tatu tangu ainunue. "Fundi, hii kitu itanimaliza mgongo," akasema. "Nilichukua bastola ndogo ili nisiisikie mwilini. Mbona naisikia kuliko ile bastola kubwa ya Ceska ya mzee wangu?"

Kabla ya kumjibu tulienda kwenye kona, mdomo wa bastola ukaelekezwa kwenye ndoo ya mchanga, akatoa magazini, akavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, tukaikagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, sote wawili, kwa macho na kwa kidole. Hiyo ni desturi ya karakana yangu na haina mkubwa wala mdogo. Ndipo nikamwomba aivae kama anavyoivaa siku zote, aketi kwenye stuli, kisha ainame kana kwamba anafunga kamba za viatu.

Ala yake ilikuwa ya nailoni laini, fupi, imeishia pale pale mtutu unapoishia, ikishikiliwa na klipu moja ya chuma. Alipoinama, mpini ulipinduka nje na kuinua shati kama hema. Alipoketi, klipu ilizama kwenye mfupa wa nyonga. Nilimtazama anavyofanya baada ya hapo: alikaza mshipi tundu moja zaidi. Maumivu yake yalianzia hapo. Bastola inapinduka, mtu anakaza mshipi ili aizuie, na mshipi uliokazwa hivyo utakuumiza hata ukiwa umechomeka kitana.

Wengi huamini kwamba bastola ikiwa ndogo, ala nayo iwe ndogo, nyepesi na laini iwezekanavyo. Baada ya miaka ya kukata na kushona ala hizi kwa wenye vyeti, nasema kinyume chake. Bastola ndogo inahitaji ala kubwa kuliko yenyewe.

Mtutu wa Glock 43 una milimita 87 tu. Ukiichomeka ndani ya suruali, kinachobaki chini ya mshipi ni kipande kifupi kuliko kiganja cha mkono. Kilicho juu ni mpini, na risasi sita zote zimo ndani ya mpini. Uzito uko juu, chini hamna kitu. Sisi tuliokulia Mombasa tunajua jahazi likiondoka bila farumi, ule uzito unaowekwa chini yake, hulala upande kwa upepo mdogo tu. Bastola hii ni hivyo hivyo, na upepo wake ni wewe mwenyewe: kila unapoinama, unapopanda matatu, unapochuchumaa kumwinua mtoto.

Nilimkatia mteja yule ala yenye urefu wa Glock 19, ambayo mtutu wake ni milimita 102. Hizo milimita 15 za ziada hazina chuma ndani yake, ni ngozi tupu, lakini zinashuka chini ya mshipi na kuegemea paja, na mpini unakosa nafasi ya kupinduka. Ndani, upande unaogusa mwili, nikashona kabari ya sponji iliyofunikwa ngozi nyororo, karibu na ncha. Kabari inaisukuma ncha mbali na mwili kidogo. Kwa kuwa mshipi umeshika katikati, ncha ikienda nje mpini unarudi ndani. Unavyoona, hatukugusa bastola. Tulibadilisha tu mahali inapoegemea.

Kwa wanaobeba mbele, kando ya kitovu, kuna kitu cha pili kinachosaidia: mkono mdogo wa plastiki unaofungwa kwa skrubu kwenye ala, kando ya kinga ya kifyatulio, ile pete inayokizunguka kifyatulio. Sisi mafundi tunauita ukucha. Unaegemea mshipi kwa ndani, na mshipi ukiubana, mpini huzunguka kuelekea tumboni. Kabari hulaza mpini kutoka juu, ukucha huulaza kutoka upande. Mwenye kitambi mara nyingi anahitaji kabari kubwa kuliko ukucha, na mwembamba huwa kinyume chake.

Sasa nije kwenye ulaini, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ala laini hupendeza mkononi dukani. Ukiichomoa bastola, mdomo wa ala unajifunga. Ili uirudishe unalazimika kuupanua kwa mkono wa pili, na vidole vya mkono huo sasa viko mbele ya mtutu. Au unasukuma bastola kwa nguvu, na ukingo uliolegea unajikunja na kuingia ndani ya kinga ya kifyatulio. Kifyatulio hakijui kama kinabonyezwa na kidole au na ngozi. Bastola nyingi ndogo za siku hizi, Glock ikiwemo, hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa dole gumba, kwa hiyo kinachokutenga na risasi hiyo ni ala yenyewe. Ala inayoacha kifyatulio wazi, au inayoweza kubonyezwa kwa nje hadi kidole kisikie kifyatulio kinasogea, siiuzi na siirekebishi. Nimewahi kumrudishia mtu pesa yake ili asiondoke na kitu cha namna hiyo mikononi mwangu.

Mdomo mgumu si jambo jipya. Bruce Nelson, aliyekuwa askari kanzu California, alibuni ala ya ndani ya suruali ambayo karakana ya Milt Sparks kule Idaho iliifanya ijulikane kote kwa jina la Summer Special. Aligeuza ngozi upande wake wa nyama, ule unaokwaruza, uwe nje ili ikwame kwenye nguo isiteleze, na mdomo akauimarisha ubaki wazi hata bastola ikitoka. Kila nikishona utepe wa pili kuzunguka mdomo wa ala, najua ninafuata njia yake.

Nilianza ufundi kwa kushona makubadhi Mombasa, nikaja kujifunza mikoba na mishipi soko la Kariokor, Nairobi. Ala zangu za kwanza nilizikata kwa ngozi ya viatu, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Ilikuwa kosa. Ngozi ile husindikwa kwa chumvi za kromu, na chumvi zinazosalia, zikikutana na jasho, huila metali. Mteja mmoja aliniletea rivolva yenye madoadoa ya kutu upande mzima ulioegemea ngozi yangu, na risasi zake za shaba nyeupe zikiwa zimeota uchafu wa kijani. Nililipia usafi wake. Tangu siku hiyo natumia ngozi iliyosindikwa kwa magome tu, na kwetu Afrika Mashariki magome hayo ni ya muwati, mti uliopandwa kwa wingi Eldoret na kwa ndugu zetu wa Njombe.

Ngozi ya magome ina sifa nyingine ambayo ya kromu haina: ukiilowesha inakubali umbo, na ikikauka inalishika. Nailoweka hadi viputo viishe kutoka, naiacha ipumzike usiku mmoja, kisha naivisha juu ya bastola bandia ya plastiki ya samawati yenye vipimo sawasawa na ya kweli. Nasugua kwa kipande cha mfupa kuzunguka kinga ya kifyatulio hadi ukingo wake usimame kama umechongwa. Ukisikia ile "tak" ndogo bastola inapoingia, ni huo ukingo unaoishika. Hukauka kivulini, kamwe si juani. Kwa bastola ndogo natumia ngozi ya milimita 3 hivi; ikiwa nyembamba zaidi hulegea mapema.

Plastiki ya Kydex siipuuzi, ingawa mkate wangu ni ngozi. Bamba la milimita 2 hupashwa moto hadi lilegee, likabanwa juu ya umbo la bastola, na likipoa hushika umbo hilo. Halinywi jasho, mdomo wake haujifungi kamwe, na mshiko wake unaurekebisha kwa skrubu. Kwa mtu wa Mombasa, Malindi au Kilwa, ambako hewa yenyewe ina chumvi, mara nyingi namshauri achukue Kydex aniache mimi na ngozi yangu. Ubaya wake ni kingo. Kabla hujanunua, pitisha kidole kwenye kila ukingo utakaogusa mwili. Ukikwaruza kidole dukani, utachuna ngozi ya tumbo kufikia jioni. Kwa msasa laini na uvumilivu kidogo unaondoka.

Iwe ngozi au plastiki, dai ulimi. Ni kile kipande kinachopanda upande wa mwili hadi juu ya slaidi na kukutenga na chuma. Bastola ndogo zina alama ya kulengea ya nyuma yenye pembe kali, na bila ulimi, pembe hiyo inakula nyama. Ulimi pia unazuia jasho lisishuke moja kwa moja kwenye chuma. Fulana ya pamba ndani ya shati hufanya kazi iliyobaki. Na ukifika nyumbani, usiiache bastola ikilala ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu na chuma kinashika kutu. Ifute, ifungie kwenye sanduku lake la chuma, ala itundike penye hewa.

Kuhusu mahali pa kuvaa, wauzaji husema kwa mfano wa uso wa saa, kitovu kikiwa 12. Hapa watu wetu hupotea, kwa kuwa sisi tukiona mkono umeelekea 3 tunasema saa tisa. Kwa hiyo nikiandika 3 au 4, namaanisha namba iliyochorwa, na kwa anayetumia mkono wa kulia iko upande wa kulia wa kiuno.

Ukibeba kwenye 4, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, ala inataka mwinamo wa nyuzi 15 hivi, mpini ukielekea mbele, ili ulale sambamba na mbavu badala ya kuchomoza kupitia shati. Ukibeba mbele, kwenye 1, isimame wima. Ala moja ya kuvaliwa popote haipo, hata kama tangazo lake linadai hivyo. Kubeba mbele kunataka pia nidhamu zaidi ya kurudisha bastola, kwa sababu mtutu unatazama kinena na mshipa mkubwa wa paja. Vuta shati pembeni, tazama mdomo wa ala, egemea nyuma kidogo, rudisha polepole. Haraka ya kurudisha bastola haipo duniani.

Video nyingi za Wamarekani zitakuambia kwamba 3 na 4 hukwama kwenye bakoli ya mkanda wa gari, yaani kile kifungo chake. Kwao ni kweli, maana dereva wao huketi kushoto na bakoli iko upande wake wa kulia. Sisi usukani uko kulia, bakoli iko kushoto, na nyonga ya kulia iko upande wa mlango. Kwa hiyo anayetumia mkono wa kulia hapa kwetu ana nafasi ambayo wao hawana. Anayebanwa ni yule wa mkono wa kushoto, na huyo namwelekeza mbele mara nyingi.

Wanawake wameuziwa ala za wanaume kwa muda mrefu mno, na hili linanikera. Nyonga ya mwanamke mara nyingi hupanuka ghafla chini ya kiuno. Ala ya kwenye 3 inasukumwa ncha nje, mpini unachoma ubavu, halafu anaambiwa atazoea. Hatazoea. Ninachofanya ni kuisogeza mbele, kushusha kimo, na kuweka kipande cha unene kati ya ala na mshipi ili mpini upate nafasi ya kupita ubavu. Kwa anayevaa dera au gauni lisilo na mshipi, kuna mkanda mpana wa kiunoni wenye ala ngumu iliyoshonewa ndani. Mkoba naukubali kwa sharti moja: bastola iwe na chumba chake peke yake, ndani ya ala inayofunika kifyatulio, pasipo funguo wala kalamu, na mkoba usitoke mwilini. Mkoba unaotundikwa kwenye kiti cha mkahawa una bastola isiyo na mtu.

Mshipi ndio unaobeba kila kitu nilichosema. Upana wa milimita 38, matabaka mawili yaliyoshonwa pamoja, usiopinda ukiushika wima. Mshipi wa suti uliokonda utaiangusha hata ala ya bei kubwa kabisa. Suruali nayo iwe pana kiunoni kwa inchi moja au mbili. Ukienda soko la Gikomba kuchagua mtumba, nenda na ala tupu uivae ndani ndipo upime. Klipu ziwe mbili kama nafasi ipo, maana zikikaa mbali mbali zinagawa uzito, na moja peke yake huzunguka kama msumari mlegevu.

Ukipata ala mpya, ivae nyumbani wiki nzima na bastola tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Igeuze juu chini juu ya godoro, uitikise, bastola isidondoke. Panda ngazi, keti sakafuni, nawa uso ukiwa umeinama.

Mteja wangu alirudi baada ya wiki tatu, mshipi wake ukiwa umerudi tundu lake la zamani. Alitaka jambo moja tu: nimshushie ala nusu sentimita, kwa sababu akiwa amekwama kwenye foleni ya Thika Road mpini ulikuwa unamgusa ubavu wa mwisho. Tulipita kwanza kwenye ndoo ya mchanga. Nikahamisha matundu ya klipu huku akisubiri, akaivaa, akaketi kwenye stuli ile ile, akainama kufunga viatu.