Je, kumuuliza mwenzako kama anafikiria kujiua kunampa wazo hilo?

Hapana. Lakini hofu hiyo inawafunga mdomo wanafunzi wengi wa vyuo. Mtu anaona mwenzake wa chumba amebadilika, anaogopa kulitaja neno lenyewe, anaishia kumwambia "jipe moyo".

Mwaka 2005, timu ya Madelyn Gould, mtafiti wa Marekani, ilichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Kundi moja liliulizwa kuhusu kujiua, jingine halikuulizwa. Siku mbili baadaye, walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi kuliko wenzao. Waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu kujiua walionekana hata kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Wazo lilikuwamo tayari. Walichokosa ni mtu wa kumwambia.

Kinachoharibu ni namna ya kuuliza. "Hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?" linamlazimisha ajibu hapana. Anza na ulichokiona, kisha litaje neno: "Wiki mbili huji darasani, na juzi umegawa vitabu vyako. Umekuwa ukifikiria kujiua?" Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi hukosea: kimya kikizidi kidogo tu, wanaanza kuhubiri. Na usimwapie kwamba utaitunza siri.

Akisema ndiyo, muulize kama amepanga jinsi na lini. Ikiwa amepanga, usimwache peke yake hata kidogo. Msindikize hospitali, kitengo cha dharura, au piga namba ya dharura, na vitu alivyofikiria kuvitumia viondolewe chumbani. Hili la mwisho watu hulidharau, kumbe ni muhimu sana: kilele cha msukumo wa kujiua mara nyingi hakidumu, na kila kinachomchelewesha kinampa nafasi ya kuishi.

Ikiwa hatari si ya usiku huo, mpeleke kwa mshauri nasaha waandike mpango wa usalama. Ni karatasi moja iliyobuniwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, yenye sehemu sita: dalili zake za mwanzo, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na namba zao, na jinsi ya kuyafanya mazingira yake yawe salama. Aandike kwa maneno yake mwenyewe. "Nitajituliza" haitamsaidia saa nane za usiku. "Nikianza kusoma tena ule ujumbe wa matokeo, naacha simu mezani na kwenda kumgongea dada chumba cha pili" itamsaidia.

Utafiti wa mwaka 2018 kwenye vitengo vya dharura nchini Marekani ulionyesha kwamba, mpango huo ukiambatana na simu za kumfuatilia mgonjwa, matukio ya kujaribu kujiua na maandalizi yake yalipungua kwa takriban asilimia 45 ndani ya miezi sita. Simu ya kwanza ilipigwa ndani ya saa 72. Basi kesho yake mtafute tena, na keshokutwa pia.

Na kama mawazo hayo ni yako wewe unayesoma, mwambie mtu mmoja leo, kwa neno hilohilo bila kulizungusha.