Mashine inajuaje kama moyo utaitikia mshtuko wa umeme? Maswali na majibu

Maswali haya huulizwa koridoni na ndugu wa wagonjwa, sisi tunaowatibu tukiwa tumeshavua glavu na mara nyingi kazi ikiwa imeshindikana. Wengi huulizia mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, yaani difibrileta, na nitaieleza. Lakini nitarudi kila mara kwenye zile dakika za kabla ya mashine kufika, maana huko ndiko tunakowapoteza watu ambao wangepona.

Moyo kusimama si ndiyo mshtuko wa moyo?

Hapana. Mshtuko wa moyo ni kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo. Kwa kawaida mgonjwa anaumwa kifua na kutokwa jasho, lakini yu macho na anaongea. Moyo ukisimama, damu haisukumwi tena: mtu anaanguka, haitiki, hapumui kawaida. La kwanza linaweza kuzaa la pili. Mwenye la kwanza awahishwe hospitali. Mwenye la pili akandamizwe kifua hapo hapo alipoangukia, huku mwingine akipiga simu ya dharura.

Kama moyo umesimama, mashine inasoma nini tena?

Kilichosimama ni damu. Umeme wa moyo mara nyingi bado upo, ila umevurugika. Misuli ya vyumba vya chini vya moyo, badala ya kubana kwa pamoja, kila kipande kinatetemeka kivyake, kama uso wa maji yanayokaribia kuchemka. Kwenye skrini utaona mawimbi yasiyo na mpangilio wowote.

Na umeme wa difibrileta hauuwashi moyo, kama wengi wanavyoamini. Unaunyamazisha. Unazikamata seli zote kwa mpigo mmoja ili ile sehemu ya moyo inayotoa mapigo ya asili ipate nafasi ya kushika usukani. Ndiyo maana mstari ulionyooka haupigwi umeme: hakuna vurugu ya kunyamazisha. Ndugu wakituona tunakandamiza tu bila kushtua, wasidhani tumemtelekeza mgonjwa wao.

Inatabirije kama mshtuko wa umeme utafanikiwa?

Kwa kutazama urefu wa mawimbi na kasi yake. Mtu akianguka sasa hivi, mawimbi huwa marefu na ya haraka, kwa sababu seli za moyo bado zina akiba ya nguvu. Damu isipofika, akiba inaliwa. Mawimbi yanafupika, yanazidi kuwa ya polepole, mwisho yanakuwa mkwaruzo mdogo tu juu ya mstari, kisha mstari wenyewe.

Wataalamu wamebuni vipimo vya kuyageuza mawimbi hayo kuwa namba. Kinachotajwa sana kinaitwa AMSA. Kompyuta inachukua sekunde chache za mawimbi, inayachambua kwa kasi zake mbalimbali, inazidisha kila kasi kwa ukubwa wa wimbi lake, kisha inajumlisha. Namba ikiwa kubwa, mshtuko una nafasi nzuri ya kurudisha mapigo. Ikiwa ndogo, unaweza kumshtua mgonjwa ukaambulia mstari ulionyooka, au mtetemeko ule ule.

Basi si tuiachie mashine ituambie lini tushtue?

Bado hatujafika huko. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2020 ulisema faida ya kuyatumia mawimbi haya kuongoza matibabu haijathibitika. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, ambamo mashine ilipewa kazi ya kuamua nani ashtuliwe kwanza na nani akandamizwe kwanza, halikuongeza idadi ya waliopona. Namba inatueleza hali ya moyo. Haiwezi kuurudisha muda uliokwisha kupotea.

Kuna ugumu mwingine. Ukikandamiza kifua, mikono yako nayo inaandika mawimbi yake kwenye skrini, kwa hiyo mashine nyingi huomba watu waache kwanza ili zisome. Ukiacha, damu inasimama, na mawimbi yenyewe yanaanza kushuka. Wahandisi wanatengeneza programu za kuchuja mitikisiko ya mikono ili usomaji uendelee bila kusimama. Kazi hiyo naisubiri kwa hamu kuliko namba yoyote.

Lakini alikuwa bado anapumua. Alikuwa anakoroma.

Hapa naomba tusikilizane. Kukoroma kule si kupumua.

Moyo ukisimama, sehemu ya chini ya ubongo inaweza kuendelea kutuma amri za mwisho kwa dakika kadhaa. Mdomo unafunguka, kidevu kinapanda, sauti nzito inatoka kooni, kisha kimya. Unahesabu sekunde tano, kumi. Kisha tena. Hewa hiyo haimfai kitu, maana hakuna damu ya kuibeba. Wengine hukakamaa na kutikisika kidogo mara tu wanapoanguka, na watu wanasema ni kifafa, wanakaa kusubiri kipite.

Nakumbuka mzee mmoja aliyeletwa akiwa ameketishwa kiti cha nyuma cha gari, mwanawe amemshika kichwa kisilale. Shati lilikuwa chepechepe kwa maji waliyommwagia. Nilipombandika kifuani pedi za mashine, mawimbi yalikuwa madogo kiasi kwamba ilinibidi niikuze picha kwenye skrini kuhakikisha si mstari. Tulikandamiza, tukashtua, ukabaki mstari. Yule kijana akaniambia baba yake alikuwa anapumua njia nzima, alikuwa anakoroma mpaka walipokaribia geti. Hakufanya uzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa nakwambia wewe: haitiki, na hapumui kawaida, kandamiza. Usitumie zaidi ya sekunde 10 kuamua. Usimmwagie maji, usimpepee, usimketishe. Usitafute mapigo mkononi kama hujafundishwa, utayasikia ya vidole vyako mwenyewe ukadanganyika.

Anakoroma lakini haitiki? Kandamiza. Anavuta pumzi mara moja moja? Kandamiza. Huna uhakika? Kandamiza.

Mikono yangu inaweza kweli kubadilisha kinachoonekana kwenye mashine?

Ndiyo, na tunaliona kwa macho. Unapobonyeza, damu inasukumwa kwenda kwenye ubongo. Unapoachia kifua kiinuke, ndipo mishipa ya moyo wenyewe inapopata damu yake. Kwa hiyo usimwegemee mgonjwa. Bonyeza, achia kabisa, bonyeza. Shinikizo la damu ya kuulisha moyo hujengeka taratibu, mkandamizo kwa mkandamizo, na ukipumzika sekunde chache tu linaporomoka, unaanza upya. Nimeona mawimbi yaliyokuwa yamelala yakiinuka baada ya dakika mbili za mikono mizuri, mpaka mshtuko uliokuwa hauna maana ukawa na maana.

Mwaka huo huo wa yule mzee tulipokea mwanamke aliyeanguka kazini. Mwenzake alipiga magoti akaanza kukandamiza, akafuata sauti ya mtu wa simu ya dharura mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa walipomgusa bega. Karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, waliyotuletea ilikuwa na mawimbi marefu. Mshtuko mmoja, mapigo yakarudi. Mwenzake alikuwa hajawahi kusomea chochote cha afya.

Kwa mtu mzima: kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kina cha sentimita 5 hadi 6. Mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mgonjwa alale chali juu ya kitu kigumu, kwa sababu kitandani godoro ndilo linalobonyea. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika 2. Uchovu huja kabla hujautambua.

Tukisubiri wataalamu dakika tano tu?

Tano tu! Kila dakika inayopita bila kukandamizwa na bila mshtuko, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Akikandamizwa, upungufu huwa wa asilimia 3 hadi 4 kwa dakika. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hizo tano unazosema ni tu, zinaweza kuwa ndizo zote alizokuwa nazo.

AED, ile difibrileta inayomwongoza mtu kwa sauti, imeletwa. Nifanye nini?

Iwashe ufuate sauti yake. Pedi moja kifuani kulia, chini ya mtulinga, nyingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa, kwenye ngozi kavu. Mwenzako anabandika, wewe endelea kukandamiza. Narudia, kwa sababu kosa hili naliona hata kwa wahudumu wa afya: mashine inaingia, wote wanainua mikono na kuikodolea macho. Mnangoja nini? Acha pale tu mashine inaposema asiguswe. Haitashtua moyo usiohitaji kushtuliwa, kwa hiyo usiiogope.

Ikishashtua, rudi kifuani papo hapo. Usisimame kutazama kama amezinduka. Moyo uliotoka kunyamazishwa ni dhaifu, na hata mapigo yakirudi huchukua muda kusukuma damu ya kutosha. Dakika 2 za kukandamiza, ndipo mashine isome tena.

Na kama nilikosea, moyo wake ulikuwa haujasimama?

Atakusukuma mikono au atalalamika, nawe utaacha. Anaweza kubaki na maumivu ya kifua, mara chache ubavu ukavunjika. Madhara makubwa kwa mtu wa namna hiyo ni nadra. Ubavu tunautibu na mgonjwa anarudi nyumbani.