Wiski za Uskoti za bei nafuu: yanayosemwa kaunta na yaliyomo ndani ya chupa

Mtu akiingia duka la vinywaji na hela ya chupa moja tu ya singo molti (single malt), yaani wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja, washauri hakosi. Muuzaji atamwambia aangalie miaka. Jamaa aliyesimama nyuma yake atasema rangi ndiyo kila kitu. Shemeji aliyewahi kuishi Ulaya atatamka kwa uhakika kwamba chini ya miaka 18 ni kutupa pesa. Mengi ya hayo ni porojo, tena porojo za gharama, kwa sababu zinamfanya mtu alipie vitu visivyogusa ladha na kuvipita vile vinavyoibadilisha. Hapa nazungumzia chupa ambazo Uingereza huuzwa kati ya pauni 25 na 45. Zikifika Nairobi au Dar bei hupaa, lakini kilichomo ni kilekile.

Dhana: Johnnie Walker ni singo molti, na singo molti ni wiski isiyochanganywa

Yote mawili si kweli. Johnnie Walker Red na Black ni mchanganyiko wa wiski za kimea cha shayiri na wiski za nafaka nyingine kutoka viwanda mbalimbali. Green Label ni ya kimea tupu, lakini imetoka viwanda zaidi ya kimoja, kwa hiyo nayo si singo molti. Ili chupa iitwe singo molti, kinywaji lazima kitokane na kimea cha shayiri peke yake, kikenekwe kwenye vyungu vya shaba katika kiwanda kimoja, kikae kwenye mapipa ya mwaloni ndani ya Uskoti miaka isiyopungua 3, na kitiwe chupani hukohuko kikiwa na kilevi asilimia 40 au zaidi. Ndani ya kiwanda hicho kimoja wanaruhusiwa kuchanganya mapipa wapendavyo, na kwa kawaida wanachanganya mengi sana ili chupa ya mwaka huu isipishane na ya mwaka jana.

Mpaka huo ulilindwa kwa ugomvi. Mwaka 2003 Diageo, wenye kiwanda cha Cardhu, waliona singo molti yao inauzwa kuliko wanavyoweza kuzalisha. Wakachanganya wiski za viwanda vingine, wakabakiza jina la Cardhu na umbo la chupa, wakabadili neno dogo tu kwenye lebo. Washindani wakaja juu, kampuni ya William Grant & Sons ikiwa mstari wa mbele, na mwaka 2004 bidhaa hiyo ikaondolewa sokoni. Kanuni za mwaka 2009 zinazotawala lebo leo zimeziba mwanya huo.

Sheria hiyohiyo inamlinda mnunuzi wa bei ya chini. Supamaketi za Aldi na Lidl huuza singo molti ziitwazo Glen Marnoch na Ben Bracken. Hakuna viwanda vyenye majina hayo. Ni wiski ya kiwanda halisi ambacho hakitajwi. Watu huzicheka, lakini masharti ni yaleyale yanayoibana chupa ya pauni 500.

Dhana: Bei ikipanda, ladha inapanda nayo

Hapa pana ukweli nusu, na hiyo nusu inafaa kupigiwa hesabu. Kwa kiwango cha ushuru kilichoanza Uingereza Februari 2025, ambacho ndicho nitakachopigia hesabu hapa, kila lita ya kilevi halisi ilitozwa pauni 32.79. Chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 40 ina lita 0.28 za kilevi, kwa hiyo ushuru wake ni pauni 9.18. Ikiwa inauzwa pauni 30, ndani yake mna VAT ya pauni 5. Zinabaki pauni 15.82 za kugawana duka, msafirishaji, mtengeneza kioo, watangazaji na kiwanda chenyewe.

Sasa chukua chupa ya pauni 40 yenye asilimia 46. Ushuru ni pauni 10.56, VAT ni 6.67, na zinazobaki ni pauni 22.77. Umeongeza theluthi moja ya bei, lakini fungu lisilo la serikali limepanda kwa zaidi ya asilimia 40. Tena hiyo asilimia 46, ukiipunguza kwa maji hadi 40, inakupa sentilita 80.5 za kunywa badala ya 70.

Ndiyo maana kupanda kutoka pauni 30 hadi 40 mara nyingi kunaonekana ndani ya glasi, hasa ukiangukia chupa kama Deanston 12 (namba ni umri wake kwa miaka), Glencadam 10 au Loch Lomond 12, zote za asilimia 46 au zaidi kidogo. Kutoka 60 hadi 120, kwa maoni yangu, unalipia zaidi miaka, uhaba na sanduku la mbao. Sanduku linafaa kuwekea hati za kiwanja.

Dhana: Yenye miaka mingi ni bora

Namba iliyo kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Chupa ya 12 inaweza kuwa na wiski ya miaka 15 ndani yake, ila isiwe na hata tone la miaka 11. Kwa nini basi bei hupanda na miaka? Kwa sababu kila mwaka takribani asilimia 2 ya kilichomo pipani hupotea kwa mvuke. Baada ya miaka 12 imebaki kama asilimia 78. Baada ya 25, kama 60. Mnunuzi analipia kilichoyeyukia hewani pamoja na kodi ya ghala.

Ladha ina mwendo wake. Pipa zuri huipa wiski vanila, matunda makavu na viungo, lakini likiachiwa muda mrefu mno mwaloni huitawala, ikawa chungu na kavu mdomoni. Pipa lililochoka, ambalo limetumika mara tatu au nne, linaweza kukaa na wiski miaka 18 na kuipa kidogo tu. Wiski za Islay, kisiwa cha Uskoti, zenye moshi mzito ndizo zinazoonyesha jambo hili wazi: moshi hupungua kadiri miaka inavyoongezeka, na wapenzi wengi wa moshi wanaitaka Laphroaig 10 au Ardbeg 10 kuliko kaka zao wakubwa.

Dhana: Rangi nzito ni dalili ya wiski iliyoiva

Kanuni zinaruhusu vitu viwili tu kuongezwa: maji na karameli ya rangi, ile E150a. Karameli hiyo hutiwa ili chupa zote zifanane rafuni. Ujerumani sheria inataka itangazwe, kwa hiyo wiski ileile ambayo lebo yake ya London imekaa kimya, ya Berlin ina maneno madogo "mit Farbstoff" mgongoni. Wanaojisifu kwa kutotia rangi huandika wenyewe mbele ya chupa. Ikiwa hakuna kilichoandikwa, usijenge hoja yoyote juu ya rangi.

Na macho hudanganya ulimi kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, mji wa Ufaransa unaosifika kwa divai, waliwapa watu 54 waliokuwa wakisomea divai glasi ya divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Wasomi wa fani hiyo, mjini kwao!

Kwenye lebo tafuta badala yake kama wiski haikuchujwa kwa baridi. Uchujaji huo huondoa mafuta yanayoifanya wiski iwe na ukungu ikipoa, na kuna wanaosema kinywaji huwa chepesi zaidi mdomoni. Mimi ni mmoja wao, ingawa tofauti si kubwa kama mashabiki wanavyodai. Unaweza kuujua mwenyewe: dondosha barafu kwenye Bunnahabhain 12, ambayo haikuchujwa hivyo, uinue glasi kwenye mwanga. Baada ya muda utaona utandu mweupe ukitambaa kuzunguka barafu, na kinywaji kilichokuwa angavu kinafifia. Haijaharibika, wala si feki. Ni yale mafuta.

Dhana: Za Islay zote ni moshi, za Speyside zote ni tamu

Moshi hautoki kisiwani, unatoka kwenye kimea. Shayiri ikishaoteshwa hukaushwa, na kama moto wake ni wa mboji ya kinamasi, ile inayokatwa vipande kama matofali na kuanikwa, harufu yake hubaki kwenye punje hadi chupani. Kiwanda kinaamua kuutumia au kuuacha. Bunnahabhain niliyoitaja iko Islay na chupa yake ya 12 haina moshi wa kuzungumzia. Bruichladdich Classic Laddie vilevile. Benromach 10 inatoka Forres, upande wa Speyside, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, nayo ina moshi kidogo wa kupendeza. Ramani ya maeneo inafaa kwa watalii. Mnunuzi aulize moja kwa moja: ina moshi au haina?

Swali hilo ni la lazima kwa anayeanza. Laphroaig ina harufu ya iodini, ya zahanati kabisa, ikifuatiwa na kitu kama samaki wa kukaushwa kwa moshi. Wapo wanaoifungua, wakairudisha kabatini mpaka aje mgeni wasiyempenda. Wengine hawanunui nyingine tena maishani.

Dhana: Kutia maji ni kuiharibu

Wachanganyaji wa viwandani hunusa sampuli zao zikiwa zimepunguzwa hadi kama asilimia 20, na hao ndio wenye kazi. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, waliigiza kwa kompyuta mwenendo wa gwayakoli, mojawapo ya molekuli zinazoleta harufu ya moshi. Kilevi kikiwa asilimia 45 au chini ya hapo, molekuli hiyo hukaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapoifikia; kikizidi 59, huzingirwa na kilevi na kubaki chini.

Anza bila maji, kisha tia matone machache, nusa tena. Barafu ndiyo inayofunga harufu, lakini kama unakunywa tu kwa starehe, weka. Na soda ya tangawizi pia weka, ni pesa yako.

Dhana: Yenye alama 92 inaishinda yenye 85

Mizani ya alama 100 ina kasoro ambayo kila anayeitumia anaijua: karibu kila kitu hutua kati ya 75 na 95. Alama saba unazoziona ndogo ni sehemu kubwa ya mizani yote inayotumika, na bado zinategemea kilichoonjwa kabla, chakula cha mchana, na kama lebo ilionekana. Katika jaribio la mwaka 2008 huko California, watu walionjeshwa divai moja mara mbili. Walipoambiwa ni ya dola 90 waliisifu kuliko walipoambiwa ni ya dola 10.

Ukitaka alama zako zibebe uzito, lebo zifichwe. Mwambie mwenzako amimine nje ya chumba, kwenye glasi zinazofanana, zile zenye mdomo mwembamba kama Glencairn, mililita 15 kila moja, na aziandikie namba chini. Zisizo na moshi zitangulie, la sivyo Ardbeg itazimeza zote zitakazofuata. Nne au tano zinatosha. Baada ya hapo pua imechoka na wewe umechangamka, na kila kitu kinaanza kupata 90.

Halafu ongeza mtego: mmiminaji arudie wiski moja kwenye glasi mbili bila kukwambia ipi. Ukiipa ya kwanza 79 na ya pili 86, basi tofauti ya alama saba kwenye karatasi yako haina maana yoyote. Huu mtego huwanyenyekeza watu kuliko hotuba, na ningependa kuuona ukifanyiwa wote wanaotoa alama zenye nusu nusu, 87.5 na mambo kama hayo. Mwisho wa kuonja, kabla ya kufichua, andika pia swali la pili pembeni: chupa hii ikiisha, ningenunua nyingine kwa bei yake? Glen Moray ya Elgin, mojawapo ya singo molti za bei ya chini kabisa Uingereza, haitapata alama za juu mezani, lakini kwenye swali hilo huwashangaza wengi.

Dhana: Singo molti haimwumizi mtu kichwa

Mililita 25 za asilimia 40 zina mililita 10 za kilevi halisi, iwe ni ya pauni 25 au 250. Ukizidisha, asubuhi utatafuta supu na mtu wa kuzimua naye kama wengine.

Dhana: Chupa ikihifadhiwa miaka inazidi kuiva

Ikishatoka pipani haiivi tena. Isimamishe wima, maana kilevi hula kizibo cha gome la mti, na iweke mbali na jua. Ukinunua Kenya au Tanzania, kabla ya kulipa kagua stempu ya ushuru kwa programu ya simu, Soma Label kwa Kenya au Hakiki Stempu kwa Tanzania, kwa kuwa chupa tupu za majina makubwa hujazwa upya. Na ikishafunguliwa, hewa huanza kuila taratibu. Ikifika robo, hamishia kwenye chupa ndogo au alika watu.